Mbwa Kali: Nani Alimfundisha Kuuma?



Somo la toleo hili limetoka kwenu wenyewe. Kwa kawaida katika ukurasa huu tunaongea habari ya ng'ombe wa maziwa, kuku wa kienyeji na mboga. Mbwa hatujawahi kumpa hata nusu ukurasa, ingawa karibu kila boma tunaloingia yeye ndiye wa kwanza kutupokea. Tunaomba mwenye kusoma vizuri awasomee wengine kwa sauti, pole pole. Mkifika mahali pa kubishana, simameni mbishane.

Mambo yalianza hivi. Tulienda kutembelea kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ruiru, kule ambako mashamba ya kahawa yamekatwa ploti na kila ploti sasa ina nyumba, geti na mbwa. Tulitarajia kuzungumza juu ya tangi la maji. Tukakuta wengine wamekaa huku, wengine kule, na mweka hazina hayupo. Tukauliza kuna nini. Kumbe ni mbwa.

Mwezi uliotangulia, zamu ya mchango wa kuzunguka ilikuwa kwa mama mmoja ambaye hapa tutamwita mwenye mbwa tu. Wageni walipofika getini, mbwa huyo, jina lake Simba, alikuwa akiruka kwenye mnyororo nyuma ya nyumba. Mwenye mbwa akawaambia maneno ambayo sote tumewahi kuyasikia: "Ingieni tu, huyo anabweka bure, haumi mtu." Wakaingia, wakanywa chai, wakahesabu pesa. Saa kumi na mbili jioni kijana wa pale nyumbani akamfungua Simba kama kawaida yake ya kila siku, bila kujua wageni bado wako ndani. Mweka hazina ndiye alikuwa wa kwanza kutoka. Alipomwona mbwa alishtuka, akageuka, akaharakisha kwenda getini. Simba akaja kwa nyuma akamuuma kwenye shavu la mguu, meno yakazama.

Kidonda kwanza, kesi baadaye

Yaliyofuata yalitusikitisha kuliko kuumwa kwenyewe. Mmoja alikimbia kuleta pilipili ya kusaga. Mwingine akasema mafuta ya taa ndiyo huua sumu ya mbwa. Shosho mmoja akakata manyoya ya Simba, akayachoma, majivu yakapakwa kwenye kidonda. Wakafunga na leso, mweka hazina akasindikizwa kwake. Hakuna aliyeleta maji na sabuni, na mtungi ulikuwa pale pale mlangoni. Ni kesho yake, mtoto wake mkubwa alipofika kutoka Thika, ndipo alipelekwa hospitali akaanza chanjo.

Hawa si watu wajinga. Kila mmoja alifanya alichoona mamake akifanya. Lakini kichaa cha mbwa hakiogopi pilipili. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi, na makadirio ya wataalamu ni kwamba unaua watu wapatao 2,000 nchini kila mwaka. Dunia nzima ni karibu 59,000, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hata hospitali kubwa haina dawa ya kumrudisha. Kila kitu ni lazima kifanywe kabla ya dalili, na nafasi ya kukifanya ipo: mara nyingi dalili huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, ingawa huweza kuja baada ya wiki moja tu, au kuchelewa hata mwaka.

Kwa hiyo, mtu akiumwa, ni maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa kuangalia saa. Kama hakuna mfereji, mmoja amimine kwa jagi na mwingine aoshe. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Baada ya kuosha mnaweza kupaka spiriti au ayodini kama ipo. Halafu hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo wa jino, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa amechanjwa. Si kila zahanati huwa na chanjo hii. Pigeni simu muulize kabla ya kupanda matatu, na mkiikosa hospitali ya kwanza msirudi nyumbani, endeleeni mpaka Thika au Nairobi.

Watu wengi bado wanaogopa zile sindano za tumboni walizosikia habari zake wakiwa watoto. Siku hizi hudungwa mkononi, karibu na bega. Ni sindano za zamu, na kila moja ina tarehe yake kwenye kadi. Kuruka tarehe kwa sababu kidonda kimepona ni hatari, maana kidonda kupona hakuonyeshi kama virusi havikuingia. Kidonda kikiwa kirefu, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Ulizeni pia sindano ya pepopunda.

Na mbwa asiuawe siku hiyo kwa hasira. Mfungeni mahali salama, apewe maji na chakula, atazamwe kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kichaa siku aliyouma huonyesha ugonjwa au kufa ndani ya siku hizo. Mkimuua mapema mmetupa ushahidi. Aliyeumwa asingoje hizo siku zipite ndipo aanze sindano. Anaanza mara moja, na kama mbwa ni mzima siku ya kumi, daktari ndiye ataamua juu ya sindano zilizobaki. Mbwa akianza kutokwa na mate mengi, kubadilika sauti, kuuma mbao na mawe, kulegea taya, au kama alikuwa mkali akawa mpole ghafla, mwiteni afisa wa mifugo. Akifa, msimguse kwa mikono mitupu. Afisa ndiye anajua namna ya kupeleka kichwa kwenye maabara ya mifugo ya Kabete.

Simba alifika siku ya kumi akiwa mzima, anakula vizuri. Hapo ndipo kikundi kiligawanyika. Maana sasa haikuwa habari ya ugonjwa tena. Nusu walisema, "Auawe." Nusu walisema, "Mbwa ni mbwa, mweka hazina asingekimbia." Wakatuomba sisi tuamue. Tulikataa kuamua, lakini tulikubali kwenda kumwona Simba.

Historia ya Simba

Tulikaa na mwenye mbwa jikoni kwake tukamwuliza bila kumlaumu. Simba aliletwa na fundi wa mjengo, akiwa kwenye katoni, hata macho bado yana ule ukungu wa buluu. Tulipohesabu miezi, tulikuta alikuwa na wiki kama nne. Akafungwa mnyororo tangu siku hiyo. Alitakiwa awe mkali, kwa hiyo walifuata maarifa ya mtaani: mchana anafungiwa ndani ya boksi lenye giza asione watu, kwenye ugali wake inatiwa pilipili, na vijana wanaambiwa wamchokoze kidogo kwa fimbo ili "apate hasira." Watoto wa shule wakipita humtupia mawe kwenye ua. Usiku anafunguliwa.

Tukauliza, "Hajawahi kuuma mtu kabla ya mweka hazina?" Jibu lilikuwa hapana. Baadaye kidogo ikatokea kwamba alimshika mwenye kuleta maziwa, lakini ni suruali tu. Na kijana wa nyumbani ana kovu kwenye kidole, lakini hiyo ni mchezo. Na binamu alipokuja Krismasi, aah, lakini alikuwa amekunywa. Tunawaomba mtazame orodha hii vizuri, kwa sababu mbwa wengi wanaoitwa "hajawahi kuuma" wana orodha kama hiyo.

Basi nani alimfundisha? Mtoto wa mbwa akikaa na mamake na ndugu zake mpaka wiki ya nane, anajifunza jambo moja kubwa: ukiuma kwa nguvu, mwenzako analia na mchezo unaisha. Simba aliondolewa kabla ya somo hilo. Tena kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na nne, akili ya mtoto wa mbwa iko wazi. Watu anaowaona wakati huo, watoto, wazee wenye fimbo, akina mama wenye mizigo, pikipiki, mwavuli, hivyo vyote anaviandika kuwa vitu vya kawaida. Asivyoviona, akivikuta akiwa mkubwa anaviogopa. Simba muda huo wote alikuwa kwenye boksi la giza.

Halafu kuna mnyororo. Mbwa anayeogopa ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Mkimfunga mmemwondolea moja. Na kila siku anapata mazoezi: mwenye maziwa anakuja, Simba anabweka na kuruka, mwenye maziwa anaacha maziwa anaondoka. Sisi tunajua alikuwa anaondoka tu, ana nyumba nyingine za kwenda. Simba anajua amemfukuza. Kazi imefaulu, kesho ataifanya kwa nguvu zaidi. Siku mnyororo haupo na mtu amegeuka mgongo, anamalizia.

Pilipili, kwa maoni yetu, haikumfundisha chochote isipokuwa kuumwa na tumbo.

Hapa tuseme neno juu ya kile kibao. Kutoka Githurai mpaka Makongeni, geti kwa geti, utakisoma: MBWA KALI. (Walimu wetu wa Kiswahili wangetaka MBWA MKALI, lakini ujumbe unafika.) Watu wanakiweka kwa sababu wezi wapo, na hilo hatulikatai. Tunauliza tu, ni nani aliyeumwa mpaka sasa katika kijiji chenu? Mwizi husikia mbwa akibweka akaenda kwa jirani, ama huja na nyama yenye sumu. Anayeumwa ni yule aliyeingia bila wasiwasi: mtoto, mkwe, mwenye kusoma mita, mweka hazina. Mbwa anayebweka vizuri na kunyamaza akiambiwa amefanya kazi yote mnayohitaji.

Mbwa husema kabla ya kuuma

Watu husema, "Aliuma ghafla tu." Mara chache sana. Mbwa mwenye wasiwasi huanza na maneno madogo: anageuza uso pembeni, analamba midomo ingawa hakuna chakula, anapiga miayo ingawa hana usingizi, anaingiza mkia katikati ya miguu. Asiposikilizwa anakauka mwili wote kama mti, anakutolea macho, manyoya ya mgongoni yanasimama. Kisha ananguruma, anaonyesha meno. Mwisho ndiyo kuuma. Na mkia kutikisika si lazima iwe furaha. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka haraka, huo kaa nao mbali.

Tulijifunza uzito wa kunguruma sio kwa Simba bali nje ya Thika, njia ya kuelekea Gatuanyaga, kwa familia nyingine iliyosikia tunauliza habari za mbwa ikatuita. Hao walikuwa na mbwa jike ambaye ni mpole kabisa isipokuwa kwenye chakula. Akila, mtu akikaribia, ananguruma. Baba wa nyumba aliona ni dharau, kila aliponguruma alimchapa. Baada ya mwezi akaacha kunguruma, na baba akafurahi, akisema ameshika adabu. Halafu mtoto wa miaka sita akaenda kuchukua sufuria akaoshe, na mbwa akamshika mkono bila sauti yoyote. Mzee huyo alituambia mwenyewe, "Nilimfundisha anyamaze, nikafikiri nimemfundisha asiume."

Dawa ya mbwa wa namna hiyo ni kinyume cha fimbo. Wakati anakula, mtu mzima, si mtoto, apite mbali, mahali ambapo mbwa hata hainui kichwa, amtupie kipande cha kitu kizuri kuliko kile kilicho kwenye sufuria, aende zake. Kesho tena. Baada ya siku kadhaa hatua moja karibu zaidi, na siku mbwa akikauka mwili, rudi nyuma hatua mbili. Polepole anaanza kuona kwamba mtu akikaribia chakula kinaongezeka, hakipungui. Familia hiyo walitumia mapafu ya ng'ombe ya kuchemsha, ambayo kwa muuza nyama ni bei ya chini. Na wakati wote huo mbwa alilishwa ndani ya kibanda kilichofungwa, mbali na watoto. Hii sehemu ya pili ndiyo watu husahau.

Kazi tuliyofanya na Simba

Tulirudi Ruiru. Tulianza na daktari wa mifugo. Mbwa mwenye maumivu huuma, na Simba, daktari alipomwangalia, masikio yote mawili yalikuwa yamejaa kupe na moja lina usaha. Alitibiwa, akachanjwa, akapewa dawa ya minyoo. Mwenye mbwa alishangaa kwamba hapo peke yake Simba alipunguza ukali. Tulishangaa pia, tuseme ukweli.

Daktari alizungumza pia juu ya kuhasi. Mbwa dume aliyehasiwa hazururi sana wala kupigania majike, na kwa jike inazuia wale watoto wa mbwa wanaoishia kwenye katoni. Lakini alituonya kwamba haiponyi uoga, kwa hiyo mtu asihasi akadhani kazi imekwisha.

Pili, mnyororo. Boma halina ua mzuri, kumwacha huru haikuwezekana. Wakavuta waya mgumu kati ya miti miwili ya mgrevilea, hatua kama kumi na tano, mnyororo ukapachikwa kwa pete inayoteleza juu ya waya. Simba akaweza kutembea, kufika kwenye kivuli, kufika kwenye maji, kuingia kibandani. Waya huo uko upande wa nyuma, asione barabara na watoto wa shule. Boksi la giza likapasuliwa kuni.

Tatu, maneno. Hapa tulicheka. Baba humwita "kuja," mama humwita "njoo," shosho humwita "ũka," na kijana hupiga mluzi. Mbwa akikosa kuja wanasema ana kichwa kigumu. Tukawaomba wachague neno moja kwa kila jambo, watu wote wa nyumba walitumie hilo hilo. Walichagua "kuja" na "kaa." Kufundisha ni rahisi kuliko mnavyofikiri: shika kipande cha chakula mbele ya pua yake, kiinue polepole kuelekea nyuma ya kichwa, makalio yenyewe yatashuka. Yakigusa chini, sema "kaa" na mpe hapo hapo. Si baada ya kumaliza kuongea na jirani. Hapo hapo. Dakika tano asubuhi na tano jioni kabla ya chakula. Kwa wiki mbili Simba alikuwa anakaa akiona mkono tu, na yule kijana mwenye kovu la kidole ndiye aliyekuwa mwalimu hodari kupita wote.

Kazi kubwa ilikuwa wageni, na hapo hatukuharakisha. Tuliomba jirani mmoja, mtu mzima asiye na haraka, apite mbali na waya, mahali Simba anamwona lakini habweki. Kila akionekana, kijana anampa Simba kipande cha nyama. Akipotea, nyama inaisha. Baada ya siku nyingi, Simba akimwona jirani anageuka kumtazama kijana, kana kwamba anauliza nyama iko wapi. Ndipo wakasogea. Wakati wa kusogea alivaa kifungio cha mdomo, kile chenye matundu kama kikapu, ambacho mbwa anaweza kupumua na kunywa maji. Kumfunga mdomo kwa kamba si sawa, anashindwa kuhema na anazidi kuogopa. Hata kifungio alizoezwa taratibu, nyama ikiwekwa ndani yake mpaka akawa anaingiza pua mwenyewe.

Hakuna aliyempiga muda wote huo. Mzee wa nyumba alikuwa na shaka, akatuuliza kama tunataka mbwa awe mfalme. Tulimjibu kwamba mbwa anayekula baada ya kukaa chini na kungoja hajawa mfalme wa mtu. Kumpiga mbwa aliyeuma kwa sababu ya uoga kunamwongezea sababu ya kuogopa.

Baada ya miezi mitatu Simba alikuwa mbwa mwingine kwa watu wa nyumbani na kwa jirani yule. Kwa mtu mgeni anayeingia ghafla bado hatungemwamini, na tulimwambia mwenye mbwa hivyo. Kwa mbwa wa historia kama hiyo, geti lililofungwa ni sehemu ya mafunzo mpaka siku atakapokufa.

Watoto

Mtoto na mbwa wasiachwe peke yao bila mtu mzima, hata mbwa awe mzee wa nyumba. Fundisheni watoto, na muwafanyishe zoezi kwa vitendo, maana kuambiwa hakutoshi. Mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa au mwenye watoto haguswi. Mbwa akija mbio, usikimbie: simama kama mti, mikono chini, tazama ardhi, nyamaza. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, mikono ifunike masikio na shingo. Watoto wa kikundi cha Ruiru walifanya zoezi hilo kwa kelele nyingi, wakipokezana kuwa mbwa. Mawe ya kutupa kwenye ua ni kazi ya mzazi na mwalimu kukomesha. Mtoto anayetupa jiwe leo anamfundisha mbwa atakayemuuma mdogo wake.

Tena mtoto akiumwa mara nyingi huficha, anaogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa. Mwambieni mapema kwamba kwa jambo hili hatachapwa, hata kama ni yeye alianza.

Na asipobadilika?

Wako watakaosema kila mbwa anaweza kurekebishwa. Sisi hatuamini hivyo. Mbwa aliyeuma watu mara nyingi, kwa majeraha marefu, bila kuonya, katika nyumba yenye watoto wadogo na isiyo na geti, huyo ni hatari ambayo familia maskini haiwezi kuibeba. Daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano bila mateso, na si dhambi kufanya hivyo. Lakini kumtilia sumu kwenye nyama ni jambo lingine. Sumu huua mbwa wa jirani na kuku, na mtoto anaweza kuiokota. Pia msimpe ndugu wa Gatundu "zawadi ya mbwa mzuri" bila kumwambia kwa nini mnamtoa.

Wengine walisema dawa ni kuua mbwa wote wanaozurura mtaani. Imejaribiwa nchi nyingi na kichaa hakikuisha, kwa sababu mbwa wengine huja kuchukua nafasi. Kinachofaa ni kuchanja mbwa angalau 70 kwa kila 100 katika eneo, na kurudia kila mwaka. Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa Kenya ifikapo mwaka 2030. Hapo ndipo kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja. Daktari akiitwa kwa mbwa mmoja, gharama ya safari ni ya mmoja. Akiitwa kwa mbwa arobaini wakiwa kiwanja kimoja, mnagawana. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, mara nyingi kuna chanjo za bure au za bei nafuu. Ulizeni ofisi ya mifugo ya wadi yenu mapema, na kadi ya chanjo ya kila mbwa iwekwe pamoja na kliniki ya watoto, isipotee.

Kikundi cha Ruiru sasa kimeandika mbwa wote wa wanachama kwenye daftari: jina, tarehe ya chanjo, na kama ameshawahi kuuma, hata suruali. Mwenye mbwa alilipa nauli na gharama za hospitali za mweka hazina, kwa mafungu matatu. Mweka hazina alimaliza sindano zake zote na amerudi kwenye mkutano. Kwenye boma la Simba bado haingii. Zamu ya mama yule ikifika, wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa, na chai inabebwa kwa chupa kutoka nyumbani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Katika boma lako, ni nani anayemlisha mbwa, na ni nani anayemchokoza? Je, ni watu tofauti?

Mbwa wa kwako amewahi kumshika mtu, hata nguo? Sema ukweli mbele ya wenzako. Ilikuwa wapi, saa ngapi, na mtu huyo alikuwa akifanya nini?

Mtu akiumwa leo jioni hapa tulipokaa, maji na sabuni viko wapi? Nani ana nambari ya hospitali yenye chanjo, na nauli itatoka kwenye mfuko gani?

Kama mbwa wa mwanachama amemuuma mwanachama mwenzake, nani atalipa? Kubalianeni sasa, kabla halijatokea, na katibu aandike.